Kidogo Chenye Kipimo

Barazani petu pamezuka mabishano, na kwa kuwa sikuridhika na namna yalivyokwisha, nayaleta hapa ili wasomaji wa jarida hili wahukumu wao. Msomi mmoja, mtu wa heshima zake na mpenzi mkubwa wa mashairi, alikwenda kumtembelea jamaa yake aliyejenga nyumba mpya nje ya mji. Akarudi amekunja uso. Sebuleni alikuta jahazi la mti lenye urefu wa mkono, mlango wa nakshi uliofupishwa mpaka ukawa fremu ya kioo, kinu kisichotosha punje kumi za mpunga, na mbuzi ya nazi isiyoweza kukunia hata kitale. "Tumekwisha," alisema. "Ustaarabu mzima umetiwa kabatini. Watu wazima wanapamba nyumba kwa vitu vya kuchezea watoto, na maradhi haya tumeletewa na watalii." Waliokuwapo wakatikisa vichwa, kahawa ikamiminwa, mada ikafungwa.

Mimi nasema haikufungwa. Hasira ya msomi huyu ninaielewa, na mbele nitaonesha kwamba ina haki yake. Lakini amemkamata asiye mwizi. Sebule ile haikuharibiwa na udogo wa vitu vilivyowekwa ndani yake. Iliharibiwa na kukosa kipimo kwa vitu hivyo. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na anayeyachanganya atautupa urithi mmoja mkubwa wa pwani hii huku akidhani anautetea.

Nianze na lugha, kwa kuwa wengi watakaonisoma ni watu wa lugha. Kiswahili hucheza na ukubwa na udogo wa vitu kila siku, wala hatuoni ajabu. Hapo nyumba, mara kijumba, mara jumba. Mlango ukikuzwa huwa lango, ukipunguzwa huwa kilango. Mto huwa kijito, dau huwa kidau, ndege huwa kidege au dege. Silabi moja tu mbele ya neno, na kitu hupanda au hushuka machoni pa msikilizaji. Ni kweli kwamba ngazi hii hutumika kwa dharau: kijitu ni tusi, na anayekiita kitabu cha mwenzake kijitabu mara nyingi hakusudii wema. Lakini kikombe si tusi kwa kombe, wala kisahani si tusi kwa sahani. Kila kimoja kina kazi yake ambayo mkubwa wake haiwezi.

Litazameni na neno kidaka. Kwetu lina maana mbili. Ni kile kishubaka cha ukutani kinachowekwa vyombo na vitabu, na ni nazi katika umri wake wa mwanzo, kabla haijawa kitale, wala dafu, wala koroma. Hakuna mkwezi aliyewahi kusema kwamba kidaka ni nazi iliyopungukiwa. Anajua kwamba nazi nzima imo mle, kifuu na kumbi lake, inangojea wakati.

Na ushairi wenyewe je? Ubeti tunaouita ubeti asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, neno lile lile lililomo katika jina la Beit el-Ajaib. Mshairi ni mjenzi wa vijumba. Utenzi humpa mizani minane kwa mshororo, na ndani ya mizani hiyo minane watu wetu wametia vita, mawaidha, mauti na mapenzi. Shairi la tarbia humpa mizani kumi na sita na mishororo minne, basi. Msomi wetu akisikia mshororo wenye mizani kumi na saba hushika masikio kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Hasemi kwamba mshairi ameongeza, husema ameharibu. Mtu kama huyo angepaswa kuwa wa kwanza kufahamu kwamba uzuri wa kidogo umo katika kipimo chake, na kwamba kidogo chenye kipimo kinaweza kubeba kikubwa bila ya kuelemewa.

Sasa niliendee dai la kwamba kupamba nyumba kwa vitu vidogo tumefunzwa na watalii. Dai hili halisimami mbele ya ukuta wa vidaka. Aende mtu Lamu, mji ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wetu, akaingie katika moja ya nyumba za kale za karne ya 18 zilizohifadhiwa. Apite daka la mlangoni, apite kiwanda na misana, mpaka afike chumba cha ndani. Chumba hicho ni chembamba. Upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko zilizobeba dari, na boriti hazikuruhusu zaidi ya takriban mita 3. Mjenzi hakuwa na uwezo wa kuusogeza ukuta, basi akaufanya uzame. Aliujaza safu juu ya safu za vidaka vya chokaa iliyochongwa, vingine vya kukaa sahani ya kaure ya Uchina, vingine vya kukaa kikombe kimoja tu. Jicho huingia tundu moja, likatoka, likaingia jingine. Na chumba cha hatua chache huwa na makumi ya vyumba ndani yake. Nani alimfundisha mjenzi yule kucheza na vipimo? Meli ya watalii ilikuwa bado haijatia nanga.

Watafiti walioziandika nyumba hizo wameeleza pia kwamba vyombo vya kaure vilivyowekwa vidakani havikuwa vya kutazamwa tu. Viliaminiwa kwamba hupokea kijicho: jicho la hasidi lingekipasua chombo kabla ya kumfikia mzazi na mwanawe mle ndani. Hivyo kisahani cha Kichina kilikuwa mlinzi wa nyumba. Na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi na kutaka kutuonesha anguko la Pate, hakutosheka na kututajia majumba makubwa. Alishuka mpaka kwenye vidaka, akatuonesha kwamba palipokuwa pakikaa visahani sasa wamelala makinda ya ndege. Alijua kwamba msomaji anaweza kusikia habari ya mji mzima ulioanguka asishituke, lakini akikionesha kidaka kimoja kitupu, moyo utapasuka. Huo ndio uwezo wa kidogo.

Hapa inanilazimu nikiri, kwa sababu anayewashitaki wenzake na ajishitaki kwanza. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na ukuta wa namna hiyo, si mkubwa, safu tatu tu. Juu ulikaa msahafu katika mfuko wake wa kitambaa. Katikati vilikaa vikombe vya kahawa, sita vilivyobakia vinne. Chini, pale mkono wa mtoto ulipofika, palikuwa petu sisi wajukuu: kigudulia cha udongo, sahani ya kifuniko cha chupa, na kasha la kiberiti tulilolifanya kitanda cha mwanasesere wa vitambaa. Bibi akipita hutuuliza, kwa sauti ya mtu aliyebisha hodi nyumba ya watu, kama wenyeji wamepika. Alipofariki dunia, tuliirithi nyumba, na baada ya miaka miwili tukaamua kuitia sura mpya. Mimi ndiye niliyemwambia fundi avizibe vidaka. Nilikuwa na sababu zangu: vumbi, mijusi, unyevu, na televisheni mpya iliyotaka ukuta ulionyooka. Kazi ilimalizika siku moja, kwa saruji.

Saruji juu ya jiwe la matumbawe na chokaa hufungia unyevu ndani ya ukuta, na masika hayakupita mengi kabla plasta haijaanza kupukutika. Lakini hilo ni la fundi. Langu ni jingine. Nilidhani nimekipanua chumba, na tangu siku ile kila aingiaye huniambia kwamba chumba hiki ni chembamba. Hakuna aliyekisema hivyo wakati wa bibi.

Najua watakaosema kwamba haya ni mapenzi ya mjukuu, hayawi hoja. Basi tuulize kwa utulivu: kitu kidogo kinamfanya nini mtu anayekitazama? Claude Lévi-Strauss, mwanaanthropolojia wa Ufaransa, katika kitabu alichokitoa mwaka 1962 alitoa jibu ambalo fundi yeyote wa pwani angelikubali. Kitu kikubwa, alieleza, hukijua kwa sehemu zake, moja baada ya moja, mpaka ukaufikia uzima wake. Kitu kilichopunguzwa hukupa uzima wake kwanza, kisha ndipo sehemu. Anayesimama chini ya jahazi lililopandishwa pwani huona ubao, kisha msumari, kisha kamba. Umbo lote linamzidi. Mwenye jahazi la mkononi huliona lote kwa mara moja, omo mpaka tezi, na kwa muda mfupi ni yeye aliye mkubwa. Kisha huinama. Akiinama huanza kuingia: anajiona amekaa pale karibu na usukani, ameshika demani. Mwanzo alikuwa jitu, sasa amekuwa baharia wa urefu wa ukucha. Safari hiyo ya kwenda na kurudi baina ya vipimo viwili ndiyo ladha tunayoitafuta tunapokiweka kitu kidogo mahali pake, katika ukuta ulioachiwa nafasi, kikatazamwa peke yake.

Wala si sisi tu. Huko Amsterdam, baina ya mwaka 1686 na 1710, Petronella Oortman, mke wa mfanyabiashara tajiri, alijitengenezea nyumba ya wanasesere ambayo leo imo katika makumbusho ya Rijksmuseum. Haikuwa ya watoto. Mafundi wa samani na wachoraji walipewa kazi ya kuipamba, na kaure zake ndogo ziliagizwa Uchina. Kaure ya nchi ile ile iliyojaza vidaka vyetu ndiyo iliyojaza vyumba vyake, kila mmoja kwa kipimo chake. Na katika kasri la Windsor, Uingereza, iko nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyobuniwa na msanifu majengo Edwin Lutyens na kujengwa baina ya mwaka 1921 na 1924. Kila futi ya nyumba ya kweli imekuwa inchi moja mle ndani, yaani moja kwa kumi na mbili, bila ya kuoneana haya. Mifereji yake hutoa maji, lifti zake hupanda, na maktaba yake ina vitabu vya ukubwa wa stempu vilivyoandikwa na waandishi wa zama zile, Arthur Conan Doyle akiwa mmoja wao. Hakuna anayetoka pale akasema Waingereza wamekwisha.

Lakini nyumba ile ina somo jingine, nalo latuhusu zaidi. Mwaka 1924 ilioneshwa Wembley, London, katika Maonyesho ya Himaya ya Uingereza. Katika maonyesho hayo hayo makoloni nayo yaliwekewa mabanda yao, kila nchi na pembe yake, mtazamaji apite mchana mmoja aseme ameiona dunia. Angalieni basi. Nyumba ya malkia ilipunguzwa kwa inchi na futi, na mtu akikosea urefu wa kiti hukitengeneza upya. Nchi za watu zilipunguzwa kwa makadirio: mazao kidogo, nakshi kidogo, watu kidogo. Kupunguza kwa kipimo ni heshima. Kupunguza bila ya kipimo ni kutawala. Hili ndilo ninalotaka msomi wetu alishike, kwa sababu hasira yake imo humu bila ya yeye kujua.

Nije kwenye mtepe, maana hapo ndipo mchezo unapokuwa si mchezo. Mtepe kilikuwa chombo cha visiwa vya Lamu, kisicho na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ukatoweka baharini, na leo hakuna aliye hai awezaye kusema ameusafiria. Tunaujuaje? Kwa maandishi ya wapita njia, kwa picha chache, na kwa vielelezo vidogo vilivyotengenezwa na watu waliouona kwa macho yao, kama vile vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Maandishi hutuambia kwamba ulishonwa; kielelezo hutuonesha kamba inapita wapi. Aliyekitengeneza alikuwa, bila ya kukusudia, akiandika wasia. Na jengo kubwa nalo halina dhamana: Beit el-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 ili kila mtu aistaajabie, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Tusijidanganye kwamba kikubwa hudumu kwa sababu ya ukubwa wake. Mara nyingi kikubwa huondoka, na kidogo ndicho kinachobakia kutoa ushahidi.

Ikiwa ni shahidi, basi kuna shahidi wa kweli na shahidi wa uongo. Hapa ndipo ninapomrudishia msomi wetu haki yake.

Miaka michache iliyopita nilimnunulia mjukuu wa dada yangu jahazi dogo katika duka moja la mapambo. Mti wake mzuri, limepigwa rangi ya kung'ara, bei yake si haba. Mtoto akaliweka juu ya meza yake ya kusomea. Siku moja akachora jahazi, akaja kutuonesha, na nyumbani alikuwapo mzee wetu mmoja aliyekula chumvi nyingi akiwa nahodha. Mzee akaichukua ile karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, chombo hiki kinakwenda wapi?" Mtoto akajibu, "Mombasa, babu." Mzee akasema, "Hakifiki."

Mlingoti ulisimama wima kama mti wa bendera, na wa jahazi huinamia mbele. Tanga lilikuwa pembetatu kamili kama kitambaa cha kichwa, na la jahazi hukatwa kidogo upande wa mbele. Foromali ilikuwa kijiti kimoja kifupi, wakati ya kweli ni ndefu na hufungwa vipande. Na omo lilikuwa halijulikani ni la wapi: si lile lililosimama la jahazi la Lamu, si lile lililolala mbele la jahazi la Unguja. Mtoto hakukosea hata kidogo. Alinakili kwa uaminifu alichokiona. Mwongo alikuwa juu ya meza.

Fikirini basi miaka khamsini ijayo, majahazi yakiwa yamefuata njia ya mtepe, na mtafiti akija kutafuta umbo lake. Atakuta nini? Maelfu ya vielelezo, vyote vinakubaliana, na vyote vimekosea. Tutakuwa tumeupoteza ujuzi mara mbili: mara ya kwanza kilipozama chombo, na mara ya pili alipopewa mjukuu chombo kisichokuwa chetu akaambiwa ndicho. Hali ni hiyo hiyo kwa ile milango midogo iliyogeuzwa fremu za vioo. Imechongwa maua upande mmoja na minyororo pembeni, lakini mfaa wa katikati haupo, ule mti unaozipa mbao mbili mahali pa kukutana. Mlango usio na mfaa ni ubao ulionakshiwa. Naomba tuuite hivyo.

Nitajibiwa, na jawabu lenyewe ni zito, kwamba fundi anataka kula. Mnunuzi wa kigeni hajui mfaa, hataki kuujua, na boti lake linaondoka saa kumi. Kupima huchukua siku, na siku hizo hakuna azilipaye. Nakubali. Simlaumu fundi anayechonga vidau kumi kwa siku ili watoto wake wende skuli. Ninalaumu kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza. Tunaingia madukani, sisi wenyewe, watu wa hapa hapa, tunanunua zawadi ya harusi, na la kwanza tunalouliza ni bei, la pili ni kama iko ya rangi nyengine. Laiti tungeuliza: chombo gani hiki, cha wapi, na kwa kipimo gani? Masuali matatu. Fundi akiulizwa mara kumi ataanza kuwa na majibu, na mwenye majibu ana haki ya kuongeza bei.

Na kipimo hatuhitaji kukiazima. Tunacho mwilini. Shubiri mbili hufanya dhiraa, dhiraa nne hufanya pima, na ndani ya dhiraa zimo nyanda ishirini na nne, kila wanda upana wa kidole. Basi fundi akitoa wanda mmoja kwa kila dhiraa ya chombo cha kweli, atakuwa amepunguza mara ishirini na nne barabara. Jahazi la dhiraa thelathini na mbili litakuwa na nyanda thelathini na mbili, yaani pungufu ya shubiri tatu: linakaa vizuri juu ya kabati, linakaa vizuri katika kidaka kipana, na mlingoti wake ukipimwa kwa kidole utakwambia urefu wa mlingoti mkubwa. Waingereza wana inchi yao kwa futi. Nasi tuwe na wanda wetu kwa dhiraa. Mnunuzi ataondoka na pambo, na ndani ya pambo ameondoka na chombo kizima.

Yapo na yanayowapasa wengine. Wenye dhamana ya makumbusho na mambo ya kale, hapa na kwa ndugu zetu wa Lamu, watoe vipimo vya vyombo na milango iliyobakia, vichorwe, vibandikwe mahali ambapo fundi anaweza kuingia bila ya kuvaa koti. Wapambaji wa mahoteli, wanaotundika milango midogo arobaini katika ukuta mmoja wakaita ni mandhari ya Kiswahili, wajifunze kwa mjenzi wa vidaka: aliweka kikombe kimoja katika tundu moja, akaliacha jicho lifanye kazi yake. Kidogo hupotea kikitiwa katika jeshi. Na walimu, badala ya kuwakataza watoto kuchonga vingalawa na kuvishindanisha maji yakijaa, wawaulize kwa nini cha huyu kimepinduka na cha yule kimefika. Mtoto aliyesawazisha matengo mawili ya kingalawa chake keshajifunza uwiano, na hakuna kitabu kitakachomsahaulisha.

Nanyi wenye nyumba za kale, mliokwisha kumwita fundi wa saruji, ninakuombeni ngojeni kesho. Ukuta ulionyooka mtaupata popote. Kidaka kikishazibwa hakirudi kilivyokuwa, hili nalijua mimi. Mwaka huu nilimtafuta fundi wa chokaa, mzee ambaye wa aina yake hawajabaki wengi, nikamwomba anirejeshee ukuta wa bibi. Amefanikiwa kufungua vidaka viwili. Vilivyobakia vimekwenda na saruji, nakshi na ukuta pamoja. Katika kimoja nimeweka kikombe, kimoja peke yake. Cha pili, cha chini, nimekiacha kitupu, wakija watoto wataona wenyewe la kufanya.

Msomi wetu nimemwalika aje anywe kahawa pale, amelazwa kitandani na homa lakini ameahidi. Na kwa kuwa hashawishiki kwa nathari, nimemwekea ubeti huu, autie mizanini kwanza kisha anijibu:

Kidogo chenye kipimo, si kichezo cha dukani,
Ndani yake mna somo, la fundi wa baharini,
Tezi ijue na omo, mkuku ushike chini,
Kisokipimo nyumbani, kitatudanganya wana.